Nani, Wapi, Lini: Kuendesha mdahalo wa vita vya Kivu

Ndugu waendesha midahalo, watangazaji wa redio, na viongozi wa vyama vya wanafunzi,

Mmetaka tuzungumzie uhasama unaozuka kila mdahalo unapogusa vita vya mashariki ya Kongo. Nianze na ambalo baadhi yenu hamtalipenda: tatizo si hasira. Vita vilivyowatoa mamilioni ya watu makwao vitazungumzwa kwa hasira, na mwendesha mdahalo anayetaka habari za Goma zisemwe kwa sauti ya utabiri wa hali ya hewa anajisumbua bure. Mdahalo huharibika mahali pengine kabisa. Huharibika pale tuhuma ya jeshi, serikali au kundi lenye silaha inapohamishwa, taratibu na bila mtu kushtuka, ikabandikwa watu wote wa lugha fulani au ukoo fulani.

Hilo likitokea ukumbini, anayelipa mara nyingi hayumo ukumbini. Desemba 2021, kule Lweba, wilaya ya Fizi, meja wa jeshi la Kongo alitolewa kwenye msafara wa jeshi lake mwenyewe, umati ukamuua. Kosa lake lilikuwa Unyamulenge, yaani kuwa wa Banyamulenge, Watutsi Wakongo wa Kivu Kusini. Alikuwa askari wa nchi ileile ambayo waliomuua walidai kuitetea. Tarehe 28 Januari 2025, siku moja baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, waandamanaji wa Kinshasa walishambulia balozi za Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji, Marekani, Uganda na Kenya. Ubalozi wa Kenya uliporwa, wakati Kenya ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na ilikuwa ikihangaika kuitisha kikao cha marais. Ghadhabu ikishazoea kulenga kundi badala ya mtendaji, haichagui tena.

Kuna wenzetu ambao, kwa kuogopa yote haya, huamua kutoitaja Rwanda kabisa. Hawasaidii. Taarifa ya Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Julai 2024 ilikadiria askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wakiwa ndani ya Kongo upande wa M23. Azimio 2773 la Baraza la Usalama, la tarehe 21 Februari 2025, lililitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke katika ardhi ya Kongo. Wataalamu haohao wameandika pia kwamba jeshi la Kongo limeshirikiana na FDLR, kundi lililoundwa mwaka 2000 ambalo chimbuko lake linarudi kwa watu walioshiriki mauaji ya 1994, na serikali ya Rwanda inasema hatua zake ni za kujilinda dhidi ya kundi hilo. Haya yote yasemwe, tena kwa sauti kubwa. Msipoyasema nyinyi kwa majina na tarehe, atayasema mwingine kwa matusi, na wasikilizaji watadhani matusi ndiyo ujasiri.

Kanuni ya kwanza, basi, ambayo mkisahau nyingine zote mbaki nayo: kila tuhuma iwe na mtendaji, kitendo, mahali, tarehe, na chanzo cha habari. Mchangiaji akisema "Wanyarwanda wametuua", muulize kwa upole: jeshi la Rwanda, M23, au nani? Wapi? Mwaka gani? Umejuaje? Swali hilo halimnyang'anyi uchungu wake. Linamwezesha kusema jambo ambalo hata mpinzani wake atalazimika kulijibu. Na kwa Kiswahili chetu hili ni la lazima, maana neno Wanyarwanda hubeba raia wa Rwanda pamoja na Wakongo wa Rutshuru na Masisi wanaozungumza Kinyarwanda, na mzungumzaji anaweza kuruka kutoka maana moja hadi nyingine ndani ya sentensi ileile bila mwenyewe kujua. Akishindwa kumtaja mtendaji mara ya kwanza, uliza tena. Akishindwa mara ya pili, shukuru, endelea na mwingine. Usibishane naye.

Kanuni hii huharibika kwa njia moja tu, nayo ni ya kawaida sana: mwendesha mdahalo huitumia upande mmoja. Mwenye asili ya Kinyarwanda huulizwa ushahidi kila anapofungua mdomo, mwingine huachiwa. Au kinyume chake. Dawa yake ni ya kizamani. Mpe msaidizi karatasi yenye safu mbili, apige mstari kila unapomkatiza mtu au kumwomba chanzo. Itazame katikati ya kipindi. Wengi huikuta imelemea upande ambao hawakuutarajia.

Sasa tuje kwenye tarehe, maana hapa ndipo mdahalo hushinda au kushindwa kabla haujaanza.

Kila upande wa vita hivi una saa yake, na kila saa huanza kugonga mahali tofauti. Anayeanza hadithi mwaka 1994 huona wakimbizi, kiasi cha milioni moja, wakimiminika Goma mwezi Julai wakiwa wamechanganyika na waliotoka kuua. Anayeanza mwaka 1996 huona majeshi ya kigeni yakivuka mpaka na kambi za wakimbizi zikivunjwa kwa risasi. Anayeanza mwaka 1981 huona watu walionyang'anywa uraia. Anayeanza Machi 1993 humwona mtu wa Masisi na Walikale akichinjana na jirani yake mwaka mzima kabla ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hakuna anayedanganya hapo. Lakini aliyechagua tarehe ya kuanzia ameshachagua nani ni mchokozi na nani anajibu. Ndiyo maana dakika kumi za kwanza za mdahalo hupotea kwa watu kusukumana nyuma kihistoria: ninyi mlianza, la, ninyi ndio mlianza, hadi wanafika mkutano wa Berlin.

Gawa karatasi ya tarehe mlangoni, ukurasa mmoja tu. Kama ni redio, isome kwa dakika nne mwanzoni. Iwe na tarehe za pande zote, bila vivumishi. Halafu tangaza: anayetaka kuanza hadithi yake mwaka fulani aseme kwa nini ameuchagua huo. Mtashangaa swali hilo dogo linavyopunguza kelele.

Katika karatasi hiyo, sehemu ya uraia ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote, kwa sababu kauli inayovunja midahalo mingi ni ile ya maneno mawili: rudini kwenu. Mwendesha mdahalo asiyejua sheria ataijibu kwa nasaha za upendo, na nasaha hazijawahi kumjibu mtu aliyeshika hoja ya kisheria. Mpeni sheria.

Mpaka wa sasa kati ya Kongo, Rwanda na Uganda uliwekwa na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza kwa makubaliano ya mwaka 1910. Ulipochorwa, wazungumzaji wa Kinyarwanda walikuwa tayari wapo Bwisha, katika Rutshuru ya leo. Hao hawakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliowavuka. Kuanzia 1937 hadi 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda kwenda Masisi wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mwaka 1959 na miaka iliyofuata wakaja wakimbizi Watutsi. Ni makundi matatu yenye historia tatu, na anayesema "wote walikuja juzi" amekosea kwa angalau mawili kati ya hayo. Banyamulenge wa nyanda za juu za Itombwe, Kivu Kusini, ni habari nyingine tena. Jina lao, lililotokana na kijiji cha Mulenge, lilienea baada ya uhuru, na hapo ndipo hutoka hoja ya uongo kwamba jina likiwa jipya basi na watu ni wapya.

Sheria nayo ilipinda kila upande. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kuishi Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaufuta mlango huo na kudai mtu aonyeshe kwamba kabila la wazee wake lilikuwa katika ardhi ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Nani kati yetu hapa ana cheti cha babu yake cha mwaka 1885? Watu walilala raia wakaamka wageni, na ardhi yao ikaamka haina mwenyewe. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ikarekebisha: ni Mkongo kwa asili kila aliye wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake ndiyo iliyokuja kuwa Kongo wakati wa uhuru. Katiba ya 2006 inasema hivyohivyo katika ibara ya 10. Kwa hiyo mchangiaji akisema rudini kwenu, jibu la mwendesha mdahalo ni moja: "Ibara ya 10 ya katiba ya Kongo inasemaje?" Kisha nyamaza umsubiri. Anaweza kusema sheria hiyo ni mbaya. Hiyo ni haki yake, na huo ni mdahalo. Lakini hatasema tena kana kwamba haipo.

Kuna swali jingine linalofanana na hilo ambalo ni gumu kulikamata kwa sababu limevaa adabu. Msikilizaji anapiga simu, anaongea Kiswahili chenye lafudhi fulani, na mgeni studioni anamuuliza, "Samahani ndugu, wewe ni Mkongo wa wapi?" Kuuliza si ujinga, tumefundishwa. Hapa ni kisu. Aliyeuliza hataki kujua hoja, anataka kujua kabila ili aamue kama aisikilize. Zuia papo hapo, tena kwa sentensi fupi: "Tunajadili alichosema." Usiombe radhi, usitoe mhadhara.

Chuki ya upande wa pili nayo ina mbinu zake, na watu wanaojiona wastaarabu huzitumia bila aibu. Muhutu yeyote wa Rutshuru anaitwa FDLR. Mkongo yeyote anayelilaumu jeshi la Rwanda anaitwa Interahamwe, yaani mwanamgambo wa wauaji wa 1994, au mkanusha mauaji ya kimbari. Hapo mwendesha mdahalo ashike mambo mawili kwa mkono mmoja. La kwanza, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 hayawekwi mezani kama swali. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha, katika uamuzi wa rufaa wa Juni 2006, ilisema ni jambo linalojulikana na wote, lisilohitaji tena kuthibitishwa. La pili, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa ndani ya Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na ikaeleza kwamba baadhi ya mauaji ya wakimbizi Wahutu ya 1996 na 1997 yangeweza kuitwa mauaji ya kimbari iwapo mahakama yenye mamlaka ingethibitisha. Kuitaja ripoti hiyo si kukanusha 1994. Kuitaja ili kusema "basi wote sawa, 1994 haina uzito" ni kukanusha. Mpaka baina ya hayo mawili ni mwembamba, na mwendesha mdahalo asiyeusomea kabla ya kipindi atauvuka bila kujua.

Mpangilio wa wageni. Kosa kubwa ni kualika "Mkongo mmoja na Mnyarwanda mmoja", ukawaweka wakitazamana. Umeshawapa kazi ya kuwa majeshi. Alika wanne, kwa ujuzi wao: mtu wa sheria ya uraia na ardhi, mtu anayejua biashara ya madini ya Rubaya, mtu aliyefanya kazi na waliokimbia makazi, mwandishi aliyeripoti kutoka Kivu. Waweke kwenye nusu duara, wote wakitazama hadhira. Kwa kipindi cha dakika 90, toa dakika 5 za karatasi ya tarehe na kanuni, dakika 6 kwa kila mgeni, dakika 20 wageni waulizane, dakika 35 za hadhira kwa dakika 2 kila mchangiaji, na zinazobaki za majibu. Wageni wakizidi wanne, hadhira inaishia na dakika kumi, na watu waliokuja na donge moyoni wanaondoka nalo.

Swali lenu la kwanza liwe dogo. "Nani wa kulaumiwa kwa vita vya Kongo?" ni mwaliko wa ngumi. "Kwa nini M23 iliyoshindwa Novemba 2013 ilirudi Novemba 2021?" ni swali linalojibika, na majibu yake yatamgusa kila mhusika: ahadi za makubaliano zisizotekelezwa, mahesabu ya Kigali, udhaifu wa jeshi la Kinshasa, ushuru wa madini ya koltani.

Na "mbona hamkusema"? Mnaijua hii. Ukitaja Goma, mtu atasema mbona hamkusema Minembwe, kule Kivu Kusini. Ukitaja Minembwe, mbona hamkusema Kishishe, kule Kivu Kaskazini. Msiikemee. Mara nyingi nyuma yake kuna maumivu ya kweli yaliyopuuzwa. Andika jambo hilo ubaoni mbele ya wote, sema litajadiliwa dakika ya 60, na dakika ya 60 ulijadili. Mkilisahau mara moja tu, hakuna atakayewaamini tena mkisema "tutarudi".

Nizungumzie waliofiwa. Katika midahalo ya Kigoma, ya Bujumbura, na ya kambi ya Nyarugusu, ambako Wakongo wengi walitoka Fizi na Uvira, mnaweza kumkuta ukumbini mtu aliyepoteza jamaa Makobola, walikouawa raia mikononi mwa waasi wa RCD mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999, na viti viwili mbele yake kuna aliyepoteza jamaa Gatumba, Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, walipouawa wakimbizi Banyamulenge zaidi ya 150. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kosa ambalo waendesha midahalo hulifanya kwa nia njema ni kuwasimamisha wote wawili "waonyeshe kwamba maumivu ni yaleyale". Hayo ni mashindano ya makaburi, hata kama mmeyapa jina la upatanisho. Anayetaka kusema msiba wake aombwe kabla, si mbele ya watu. Apewe muda wake kamili. Asikatizwe kwa ajili ya chanzo. Na baada yake mgeni yeyote asitakiwe kumjibu. Pumzika dakika mbili, kisha hamia mada nyingine. Na msimwombe kamwe ajibu kwa niaba ya kundi lililomuumiza mwenzake.

Lini unazima kipaza sauti? Mpango wa Utekelezaji wa Rabat wa mwaka 2012, wa Umoja wa Mataifa kuhusu uchochezi wa chuki, unataka mambo sita yapimwe: mazingira, msemaji ni nani, nia yake, maudhui na namna yalivyosemwa, ukubwa wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea. Mwanasheria ana wiki nzima ya kuyapima. Wewe una sekunde tatu. Kwa hiyo sikiliza vitu vitatu: watu kugeuzwa wanyama au uchafu, iwe nyoka, mende au wa "kusafishwa", wito wa kuchukua hatua, na jina la mtu au mtaa. Kimoja kinatosha kukatiza na kukemea. Viwili vikikutana, zima.

Hukumu ya kesi ya vyombo vya habari iliyotolewa Arusha tarehe 3 Desemba 2003 inafaa kusomwa na kila mtangazaji, hasa kwa jinsi ilivyotenganisha. RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya 1994, ilisoma hewani majina ya watu na mahali walipo. Huko kulikuwa kuua kwa redio. Lakini mahakama hiyohiyo, ikimhukumu Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, iliona kwamba matangazo yake ya Desemba 1993 alipoeleza alivyobaguliwa utotoni kama Mhutu hayakuwa chuki. Yalikuwa ni kueleza historia ya dhuluma. Mtu yuleyule, redio ileile. Kueleza ulivyoonewa ni halali hata kwa kabila lako. Msiwanyamazishe watu kwa kutaja tu kabila.

Na msidanganyike na cheo. Agosti 1998 Abdoulaye Yerodia Ndombasi, mtu wa serikali ya Kinshasa, aliwaita Watutsi wadudu wa kuangamizwa. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2000, na Februari 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema hati hiyo ilivunja kinga aliyokuwa nayo kama waziri wa mambo ya nje. Kuna wanaosimulia uamuzi huo kana kwamba mahakama ilisema maneno yake hayakuwa na neno. Haikusema hivyo.

Kwa redio, simu zisiingie hewani moja kwa moja. Msaidizi azipokee kwanza, aulize jina la kwanza, mpigaji anataka kujibu hoja ipi, na aitamke kwa sentensi moja. Wachochezi wengi hukata simu hapo. Kama mtambo una kuchelewesha sauti, sekunde saba zinatosha, mradi aliyekaa kwenye kitufe asiwe yuleyule anayeongoza kipindi.

Picha na sauti za WhatsApp zina hila yake hapa: Goma imeanguka mara mbili mikononi mwa M23, Novemba 2012 na Januari 2025, na picha za mara ya kwanza hutembea zikiitwa za mara ya pili. Itafuteni picha yenyewe intaneti kabla ya kuionyesha. Sauti isiyo na msemaji anayejulikana msiipige kabisa, hata kwa lengo la kuikanusha, kwa maana nusu ya wasikilizaji hufungua redio katikati. Ujumbe wa chuki nao msiusome neno kwa neno ndipo muulaani. Semeni tu umesema nini kwa kifupi, na kwa nini hauna ukweli.

Mwisho wa kipindi kazi haijaisha. Atakayekata kipande cha sekunde 30 akakisambaza huanza kwa kutoa yale maneno mawili mliyohangaika nayo saa nzima, "jeshi la", likabaki "Rwanda imeua" na baadaye "Wanyarwanda wameua". Kwa hiyo tengenezeni vipande vyenu wenyewe kabla yake, kila kimoja kikiwa na swali na jibu lake kamili, vitoke jioni ileile. Rekodi nzima ihifadhiwe, ili aliyenukuliwa vibaya apate kipande chake akikiomba. Na kosa la tarehe au la jina likigundulika, lisahihishwe katika kipindi kinachofuata saa ileile ya kuanza, wakati wale waliolisikia bado wapo.